Chura wa Majini Akiugua: Maji Kwanza, Dawa Baadaye

Mwaka 2001 jarida la madaktari wa mifugo la Canada lilitoa habari ya vyura vibete wa majini waliokutwa na ugonjwa wa ngozi ulioletwa na kuvu. Vyura hao walikuwa wametoka Asia ya Kusini-Mashariki. Jina lao la kisayansi ni Hymenochirus boettgeri, na asili ya ukoo wao ni madimbwi na vijito vya misitu ya Afrika ya kati, Congo ikiwemo. Mnyama wa Congo huzalishwa Asia, huuzwa Amerika, na huko huugua kwa kuvu ambayo, kama wanasayansi walivyokuja kugundua baadaye, chimbuko lake ni Asia ya Mashariki. Safari yote hiyo imo ndani ya kiumbe mwenye urefu wa sentimita 3 au 4.

Kwa msomaji wa Lubumbashi habari hii si ya mbali. Jimbo lake, Haut-Katanga, lina vyura wake wa majini, na mtu anayeweka chura kwenye tangi la kioo sebuleni anaweza kumpata wa mtoni au wa dukani. Siku chura huyo atakapoacha kula, akavimba au akaelea upande, mwenyewe atatafuta ushauri na kukuta kwamba karibu wote umeandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya na Marekani. Huko hita haizimiki usiku, dawa za samaki zimejaa madukani, na maji ya bomba yana sifa zinazojulikana. Ushauri huo unafaa nusu. Nusu nyingine lazima ipimwe kwa hali ya jiji lililo mita zaidi ya 1,200 juu ya usawa wa bahari, lenye Julai ya baridi, umeme wa kukatika na ardhi iliyojaa shaba.

Kwanza ajulikane mgonjwa mwenyewe. Vyura wa majini wanaofugwa ni wa makundi mawili, na matunzo yao hayafanani. Kuna vyura vibete, Hymenochirus, wanaopenda maji ya nyuzi 24 hadi 26 za Selisiasi. Kisha kuna vyura wa makucha, Xenopus, wakubwa zaidi, ambao jike wao huweza kupita sentimita 10 na ambao hustahimili maji baridi vizuri. Kusini mwa Congo na Zambia wapo Xenopus poweri, waliopewa jina mwaka 1927 kutokana na vyura wa Maporomoko ya Victoria. Ndugu yao mwingine, Xenopus wittei wa milima ya mashariki, anabeba jina la Mbelgiji Gaston-François de Witte, aliyeongoza msafara wa kukusanya wanyama katika Hifadhi ya Upemba kati ya 1946 na 1949. Tofauti ya makundi haya mawili ina uzito nyumbani: joto linalomstawisha kibete humchosha yule wa makucha, na anayewaweka pamoja atamkuta mdogo ameliwa.

Wote wawili hawana ulimi. Humeza chakula kwa kukivuta pamoja na maji, na kokoto iliyo karibu huingia nacho. Hupumua kwa mapafu, hivyo ni lazima wafike juu ya maji kuchukua hewa. Ila kiungo kinachoamua zaidi uhai wao ni ngozi. Chura hanywi kwa mdomo. Maji humwingia kupitia ngozi mchana na usiku, figo huyatoa, na chumvi za mwili hulindwa na ngozi hiyohiyo. Chochote kilicho ndani ya maji, kiwe sabuni ya mkononi, klorini, shaba au dawa, kinamfikia damuni bila kubisha hodi. Ndiyo maana daktari mwenye uzoefu huuliza habari za maji kabla ya kumtazama chura.

Si kila linalotisha ni ugonjwa. Dume la chura kibete likikomaa hutokewa na kivimbe cheupe au cha waridi nyuma ya kila mkono wa mbele. Ni tezi ya uzazi, na wapo waliokwisha kujaribu kukitumbua wakidhani ni jipu. Jike lenye mayai huwa na tumbo pana, na mwenye wasiwasi huliona kama limevimba kwa maradhi. Chura mzima hujivua ngozi mara kwa mara na kuila, na kibete aliyetulia huweza kuelea amekunjua miguu yote minne bila kutikisika. Dalili za kweli ni nyingine: kukataa chakula siku kadhaa, kuelea upande mmoja na kushindwa kuzama, ngozi inayotoka vipandevipande na kubaki imening'inia, wekundu kwenye mapaja na tumbo, utando mweupe kama pamba, macho yenye ukungu, au kukaa juu ya maji akitafuta kutoka nje.

Dalili hizo zikionekana, tangi ndilo la kuchunguzwa mwanzo. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga katika tangi jipya. Mtu anayenunua tangi Jumamosi na kutia chura Jumapili anamwingiza katika maji yatakayochafuka kabla ya kusafishwa na chochote. Wiki ya pili au ya tatu chura anazubaa, mwenyewe anakimbilia dawa, na dawa ya kuua bakteria inawaua hata wale waliokuwa wanaanza kumsaidia. Mlolongo huu umeua vyura wengi, na huanza kabla ya kidudu chochote cha ugonjwa kuingia.

Katanga inaongeza jambo lake. Miamba ya ukanda wa shaba ina dolomiti nyingi, na maji yanayopita kwenye miamba ya namna hiyo huelekea kuwa na alkali. Katika maji yenye alkali, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika umbo lake lenye sumu kali. Kiasi ambacho katika maji yasiyo na alkali chura angekivumilia, hapa kinaweza kumchoma ngozi. Mwenye tangi Lubumbashi ana sababu ya kubadilisha maji mara nyingi kuliko kitabu cha mgeni kinavyosema, robo ya tangi kwa wakati, na kulisha kwa kiasi.

Yanatoka wapi hayo maji mapya? Maji ya bomba ya Regideso hutiwa klorini, inayolinda watu na kuunguza ngozi ya chura. Kuyaacha kwenye ndoo wazi siku nzima huiondoa klorini ya kawaida. Dawa ya thiosalfeti ya sodiamu huiondoa papo hapo. Maji ya kisima hayana klorini, lakini hapa swali la metali haliepukiki. Kampuni ya Union Minière ilianza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911, na bomba la moshi na kilima cha mabaki ya tanuri vinaonekana mpaka leo kutoka sehemu nyingi za jiji. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno kwenye mkojo, pamoja na metali nyingine. Ikiwa mwili wa binadamu, wenye ngozi kavu, unabeba mzigo huo, mnyama anayekunywa kwa ngozi hana kinga. Shaba ni sumu kwa vyura na zaidi kwa viluwiluwi. Kwa hiyo kisima kilicho karibu na kiwanda au kijito kinachopokea maji ya mgodi si pa kuchotea maji ya tangi, hata kama maji yanang'aa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi nayo yasitumike peke yake kwa sababu hayana madini. Huchanganywa na mengine.

Joto ndilo jambo la pili. Juni na Julai usiku wa Lubumbashi huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na nyumba nyingi hazina chochote cha kupasha chumba. Chura wa makucha atapunguza mwendo na kula kidogo, basi. Kibete ataumia: mwili wake hauna joto lake mwenyewe, na kinga yake hulegea maji yanapopoa. Hita ndogo ya tangi hutosha umeme wa SNEL ukiwepo. Delestaji, yaani kukatwa kwa umeme, inapopiga saa nane za usiku, kilichobaki ni akili ya nyumbani: kufunika kifuniko, kuzungushia tangi blanketi na kuelesha chupa iliyofungwa yenye maji moto, kisha kuibadilisha kabla haijapoa. Nafasi ya hewa juu ya maji iachwe, maana chura huvuta hewa hapo. Tangi kubwa hupoa polepole kuliko dogo. Lita 40 zinampa mgonjwa muda ambao bakuli haliwezi kumpa.

Baada ya maji na joto kusahihishwa, vyura wengi huanza kula tena bila dawa. Wanaobaki wagonjwa ndio wanaohitaji utabibu hasa.

Uvimbe wa maji ndio unaoogopesha zaidi wenye vyura vibete. Mnyama huvimba mwili mzima mpaka miguu inatawanyika, anaelea bila kutaka. Kilichotokea ni kwamba maji yanaendelea kuingia kupitia ngozi lakini hayatoki: figo zimeshindwa, au moyo, au mishipa ya limfu imezibwa na maambukizi, na mifuko iliyo chini ya ngozi imejaa. Uvimbe ni dalili ya magonjwa mengi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Daktari anaweza kutoa maji hayo kwa sindano safi, na chura akapata nafuu saa hiyohiyo, kisha akavimba tena baada ya siku chache kama chanzo hakikuguswa. Maji ya chumvi husaidia kwa sababu hupunguza yanayoingia: damu ya chura ina chumvi inayokaribia gramu 6 kwa lita, na mchanganyiko wa madaktari kwa vyura, uitwao Ringer, umejengwa juu ya kipimo hicho pamoja na potasiamu, kalsiamu na bikaboneti kidogo. Kijiko cha chumvi ya jikoni kilichotupwa kwa kukisia hakilingani na huo. Tiba hii ina kipimo na ina muda, na ifanyike chini ya jicho la mtaalamu.

Wekundu wa mapaja huashiria bakteria walioingia damuni, mara nyingi Aeromonas, ambao huishi katika karibu kila maji na hushambulia mnyama aliyekwisha dhoofika. Ugonjwa huu huenda haraka. Chura huyo atengwe siku ileile na apate antibiotiki iliyochaguliwa na daktari. Kuna pia mnyoo wa ngozi wa vyura wa makucha, Pseudocapillaroides xenopi, unaofanya mgongo kuwa wa kijivu na wenye mikwaruzo. Huonekana kwa hadubini ya kawaida kwenye kipande cha ngozi iliyovuliwa. Dawa yake mojawapo, levamisole, ni ileile inayotumika kuwatoa mbuzi minyoo, kwa hiyo inapatikana. Hatari yake nayo iko hapo: kipimo cha mbuzi wa kilo 25 hakigawanyiki kwa macho mpaka kikamfaa mnyama wa gramu chache.

Inabaki kuvu. Batrachochytrium dendrobatidis ilielezwa rasmi mwaka 1999, na tathmini iliyochapishwa 2019 iliihusisha na kupungua kwa aina 501 za amfibia duniani, 90 kati yake zikidhaniwa zimekwisha kabisa. Inakula tabaka la juu la ngozi na kuvuruga chumvi za damu mpaka moyo unasimama. Chura wa makucha mara nyingi huibeba bila kuugua. Kibete huuawa nayo. Kwa miaka mingi wanasayansi walidhani imetoka Afrika, kwa sababu chura wa makucha wa mwaka 1938 aliyehifadhiwa Afrika Kusini alikutwa nayo. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Mwanasayansi Mwingereza Lancelot Hogben, akifanya kazi Cape Town, alikuwa amefungua njia ya kipimo cha mimba kilichotumia chura wa makucha: mkojo wa mwanamke ulidungwa kwa chura jike, na akitaga mayai, mwanamke alikuwa mjamzito. Kuanzia miaka ya 1930 mpaka ya 1960 maelfu ya vyura walisafirishwa kutoka Afrika kwenda hospitali za dunia. Utafiti wa vinasaba wa 2018 ndio uliohamishia chimbuko kwenye rasi ya Korea. Lakini biashara ya wanyama ilibaki kuwa mtuhumiwa mkuu wa kuisambaza, na kuvu hiyo imekwisha kuthibitishwa mashariki mwa Congo: Eli Greenbaum na wenzake waliieleza mwaka 2008 kutoka kwa vyura wa huko.

Kuvu hii inatibika. Tiba iliyozoeleka ni kumzamisha chura dakika 5 kila siku katika maji yenye itraconazole. Mwanzoni kipimo kilikuwa asilimia 0.01 kwa siku 11. Mwaka 2012 majaribio yalionyesha kwamba asilimia 0.0025 kwa siku 6 inaweza kutosha, bila madhara mengi yaliyokuwa yakionekana. Viluwiluwi hawaistahimili. Kuvu yenyewe hustawi kati ya nyuzi 17 na 25 na hudhoofika joto likipita 28, jambo linaloeleza kwa nini maji ya Julai ya Lubumbashi yanaipendeza, na kwa nini kumpa kibete nyuzi 26 imara ni nusu ya kinga.

Dawa zinazouzwa kwa ajili ya samaki zinahitaji onyo la peke yake. Nyingi zina shaba au rangi ya malachite green, na samaki mwenye magamba huvumilia kipimo ambacho chura mwenye ngozi tupu hakivumilii. Kuchanganya mbili au tatu ili moja ibahatishe ni njia ya hakika ya kumpoteza. Bora maji safi, giza kidogo, utulivu na daktari kuliko chupa nne za rangi.

Kuponya amfibia ni kazi inayowezekana na ni kazi kubwa. Tanzania imeonyesha yote mawili. Chura mdogo wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo moja tu chini ya Udzungwa, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipochukua sehemu kubwa ya maji yale, vyura 499 walipelekwa Marekani mwishoni mwa 2000, katika bustani ya wanyama ya Bronx na nyingine. Kule korongoni kuvu ilikutwa mwaka 2003, idadi ikaporomoka, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliofungiwa nao walikufa wengi miaka ya mwanzo, mpaka watunzaji walipopata mwanga, chakula na maji yanayowafaa. Kisha wakazaliana kwa maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Waliwaokoa kwa kurekebisha mazingira ya tangi kidogokidogo, kwa miaka, wakiandika kila kifo na sababu yake.

Mtunzaji wa nyumbani hawezi kufanya hayo yote, lakini daftari analiweza: tarehe, joto la maji, siku ya kubadilisha maji, alichokula, alichokataa. Kwa daktari, ukurasa mmoja wa namna hiyo una thamani kuliko picha kumi za simu.

Watoto nao wafikiriwe. Marekani iliwahi kupata wagonjwa 376 wa Salmonella katika majimbo 44 kati ya 2008 na 2011, wengi wao watoto wadogo, na chanzo kikawa vyura vibete wa kufugwa. Chura alikuwa mzima kwa kumtazama. Bakteria walikuwa kwenye maji yake. Ndoo ya tangi isioshewe penye vyombo vya kulia, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kugusa maji. Kabla ya kugusa, ioshwe kwa maji matupu na kusuuzwa vizuri, kwa ajili ya chura.

Wakati mwingine tiba inashindikana, na kumwacha mnyama aliyevimba afe kwa siku tano si upole. Daktari ana dawa za usingizi za kumaliza mateso, ikiwemo eugenol, kiini cha mafuta ya karafuu, zao lililoipa Zanzibar na Pemba utajiri wao. Kumgandisha kwenye friji akiwa hai ni kumtesa. Mzoga uzikwe mbali na maji. Maji ya tangi lake yatiwe dawa ya klorini ya Javel, yaachwe mpaka kesho, kisha yamwagwe chooni. Vyombo vyake vioshwe kwa Javel na kukaushwa kabisa juani, kwa sababu kuvu haistahimili ukavu.

Maji hayo yasimwagwe mtoni. Wala chura mgonjwa, au aliyemchosha mwenyewe, asiachiliwe kwenye mto Lubumbashi, Kafubu au kijito chochote. Mwenye kumwachilia huona amempa uhuru, kumbe huenda amewapelekea vyura wa Katanga ugonjwa waliokuwa hawana, katika maji ambayo tayari yanabeba mzigo wa migodi. Hili ndilo kosa pekee la mtunzaji ambalo madhara yake hayaishii nyumbani kwake.

Lubumbashi ina nafasi nzuri kuliko miji mingi ya ukanda huu. Chuo kikuu chake kina kitivo cha tiba ya mifugo, chenye walimu, wanafunzi na hadubini. Ni kweli ng'ombe, nguruwe na kuku ndio wanaolisha watu, na ni haki watangulie. Hata hivyo kipande cha ngozi ya chura chini ya hadubini hakigharimu kitu, na kingewafundisha wanafunzi kutambua kuvu ambayo siku moja watatakiwa kuitafuta katika hifadhi za Upemba na Kundelungu. Kitivo kinapaswa kumfungulia mlango mgonjwa huyu mdogo. Na mwenye chura aliyeugua leo aende huko asubuhi na vyombo viwili: kimoja chenye chura katika maji machache yaliyofunikwa kwa kifuniko chenye matundu, kingine chenye nusu lita ya maji ya tangi lake, na daftari mkononi.